Maji ya kisima yameua mashine ya mvuke ya mtoto na shawa imeziba, nifanyeje?

Umm_Suhayla, Chukwani

Assalam alaykum ndugu zangu. Nina masuala matatu lakini naona yote yanatokana na maji yetu kwa hivyo nayaweka pamoja. Sie huku maji ya bomba yanakuja kwa zamu basi tuna kisima chetu, pampu inapandisha kwenye simtanki, maji yenyewe yana munyu na yana chokaa, ukichemsha birika la umeme siku chache tu chini pashakuwa na utandu mweupe mgumu hautoki kwa steelwaya.

La kwanza, wifi yangu alituletea kutoka Maskati ile mashine ya kutoa mvuke wa baridi, tunaiweka chumba cha mtoto kwa sababu analala na kiyoyozi na pua inamkauka. Mwanzo ilifanya kazi vizuri ila kila asubuhi nakuta vumbi jeupe juu ya kabati na juu ya mabuibui yangu, nafuta linarudi. Sasa imegoma kabisa, naijaza maji mpaka juu lakini inawaka taa nyekundu ile ya kusema maji yamekwisha. La pili shawa, nusu ya matundu yameziba na yaliobaki yanarusha maji ukutani.

La tatu si tatizo sana lakini nilitaje tu, hii shawa ni ile ya umeme ya kupasha maji hapo hapo, koili yake inaliwa na chumvi tushabadilisha, na siku hizi ukishika koki mkono ukiwa umerowa unasisimka, si kupigwa shoti, unasisimka tu. Baba Suhayla anasema shawa hizi ndo zilivyo. Zamani kila mtu akioga kulikuwa na switchi kwenye bodi ya umeme inajizima nyumba nzima giza, fundi akaja akaitoa akaunganisha moja kwa moja, tangu hapo haijazima tena alhamdulillah.

Nataka haya niyafanye mwenyewe, mafundi wanagusa kimoja wanaharibu chengine. Nianzie wapi?

Bint_Wete

Waalaykum salaam dada. Shawa usinunue mpya. Ile sura yenye matundu inatoka kwa kuzungushwa, ikikaza ifunge kitambaa kwanza ndo utie spana isije ikachunika. Iweke kwenye bakuli imwagie siki nyeupe mpaka izame, iache usiku kucha, asubuhi isugue kwa mswaki mkuukuu. Kama matundu ni ya mpira unayaminya kwa dole gumba chokaa inatoka vipande vipande, usichokoe kwa sindano maana ukishalitanua tundu ndo maji yatakwenda kombo siku zote. Siki ikikosekana ndimu inafanya kazi hiyo hiyo, zote asidi, utaona povu dogo dogo linapanda, basi ujue chokaa inaliwa.

Koki za jikoni nazo pale mwisho pana kichujio kidogo kinazungushwa kinatoka, watu wengi hawakijui wanalalamika pampu haina nguvu kumbe kichujio kimejaa mchanga wa kisima. Birika tia nusu maji nusu siki, chemsha, iache saa moja, mwaga, kisha chemsha maji matupu mara mbili umwage, harufu itakwisha.

Nakuomba kitu kimoja tu dada yangu, ukishatia siki chooni usitie Jik hapo hapo. Siki na Jik zikikutana inatoka gesi ya klorini, na vyoo vyetu havina madirisha ya maana, inachoma mapafu. Suuza kwanza kwa maji mengi, hiyo Jik tia siku nyengine kabisa.

Hayo ya umeme nawaachia mafundi.

Fundi_Chake

Dada Umm Suhayla nakuomba usome huu ujumbe kabla hujagusa siki. Nenda kwenye bodi ya umeme sasa hivi uzime breka ya shawa, na watoto wasioge pale mpaka ishughulikiwe. Chemsheni maji kwa sufuria mchanganye kwenye ndoo. Hilo ulilosema si tatizo sana ndo la kwanza, chokaa inaweza kusubiri hata mwezi.

Ile switchi iliyotolewa ni RCD, wengine wanaiita ELCB, ina kitufe kidogo kimeandikwa T. Haikuwa mbovu. Kazi yake inapima umeme unaokwenda na unaorudi, layini na nyutro zikiwa sawa inakaa kimya, ikiona unaotoka ni mwingi kuliko unaorudi maana yake kuna umeme umepita njia nyengine, kwenye maji, kwenye ukuta au kwenye mwili wa mtu, basi inakata. Za majumbani zinakata kwenye tofauti ya miliampea 30, tena kabla sekunde haijesha. Kwa hivyo kila ilipokuzimieni nyumba mtu anaoga ilikuwa inakwambieni umeme unavuja kwenye maji. Fundi alipoitoa uvujaji ulibaki pale pale, kilichoondoka ni kile kilichokuwa kinaukata. Wallahi roho inaniuma nikisoma hii maana nimeikuta nyumba nyingi, na kila mwenye nyumba anashukuru kwamba sasa umeme hauzimi.

Na usitegemee breka iliobaki. Breka ya 32 imewekwa kulinda waya usiungue, inasubiri umeme upite ampea 32. Mtu, miliampea 10 hivi tu misuli ya mkono inabana hawezi kuachia alichoshika. Miliampea 30 ni kama sehemu moja katika elfu ya hizo ampea 32. Mtu anaweza kufa pale chini ya maji na breka haijahisi kitu.

Kwa nini inavuja: shawa nyingi za kupasha hapo hapo koili yake iko tupu ndani ya maji. Maji matamu hayapitishi umeme sana na mtengenezaji anategemea hilo pamoja na ethi, ule waya wa kupeleka ardhini umeme uliovuja, iliofungwa vizuri. Maji ya munyu yanapitisha mara nyingi zaidi. Sasa nyinyi mna koili tupu, mna kisima cha munyu, na sitoshangaa waya wa ethi wa hiyo shawa ukiwa haujafungwa popote. Zipo shawa zilizotengenezwa kwa ajili ya maji ya chumvi, inaandikwa kwenye boksi au kwenye kikaratasi cha ndani, lakini dukani mtu anaangalia bei na rangi tu.

Nitazamieni mambo mawili, breka ikiwa imezimwa. Ule waya wa kijani na manjano kwenye shawa umekwenda wapi? Na waya unaoleta umeme unene wake ni wa ngapi? Shawa ya wati 5500 kwa volti 230 inavuta karibu ampea 24, ukikuta waya wa milimita za mraba 1.5 au 2.5 umevutwa kutoka kwenye soketi ya jirani basi na moto nao uko njiani.

Mzee_Bububu

Fundi umemtisha binti wa watu. Mie shawa yangu inasisimua miaka na miaka, navaa kandambili za mpira naoga zangu na sijaona aliyekufa. Halafu mabomba ya siku hizi ni plastiki matupu, plastiki haipitishi umeme, sasa huo umeme unafikaje kwenye koki? Mie naona ni chumvi tu inawasha ngozi.

Fundi_Chake

Shikamoo ami. Plastiki haipitishi ni kweli, lakini maji yaliomo ndani ya plastiki yanapitisha na yakiwa ya munyu zaidi. Unatoka kwenye koili unafuata maji mpaka kwenye koki ya chuma, unakusubiri wewe. Zamani bomba la chuma likiwa limeunganishwa na ethi ule umeme ulikuwa unapata njia ya kuingia ardhini, plastiki imeondoa hiyo njia.

Kandambili inakinga ikiwa kavu ami. Mtu anayeoga yuko na povu, maji yanamtiririka mpaka sakafuni na kandambili yenyewe inaelea ndani ya maji. Na ukishika koki kwa mkono mmoja, mwengine ukaegemea ukuta wa saruji uliorowa, umeme unapita kifuani kutoka mkono hadi mkono na kandambili haimo kwenye hesabu. Kama ni chumvi inawasha, zima breka uoge maji baridi ushike koki ile ile. Ikiwa haiwashi tena basi ushajua.

Kusisimka kwa leo hakukupi dhamana ya kesho. Visima vya karibu na pwani kiangazi munyu wake unazidi, koili nayo inaliwa inakuwa nyembamba, siku inakatika kipande kinaangukia pasipotakiwa. Siku hiyo haisisimui ami. Nakuomba na wewe uizime.

Jambiani_Boy

Naunga mkono fundi, na niongeze la ethi maana hapa ndo panapoliza watu wa kusini. Huku kwetu Jambiani, Paje, Makunduchi ardhi ni jiwe tupu. Rodi ya ethi, ile fimbo ya chuma ya kugongwa ardhini, ya futi 4 unaigonga inashuka futi moja inagota, basi wapo wanaoikata iliobaki wanafunika na saruji kidogo, juu unaona waya wa kijani umefungwa vizuri kabisa unadhani una ethi kumbe una urembo. Nyumba ya bi mkubwa wangu ilikuwa hivo hivo. Tulichimba mtaro mrefu ubavuni mwa nyumba mpaka tukapata ufa kwenye jiwe, tukalaza waya wa shaba mtupu na rodi mbili zimeunganishwa, tukajaza udongo wa shamba si kifusi, na tukapachagua pale linapomwagikia bomba la maji ya kiyoyozi kwa sababu pamerowa mwaka mzima. Udongo mkavu na jiwe havipokei umeme.

Na hata hivo ethi ya rodi huku haina nguvu ya kurusha breka ya kawaida, upinzani wa ardhi ni mkubwa. RCD ndo inayokuokoa, yenyewe hata ethi ikiwa dhaifu kiasi inatosha kwa sababu inataka umeme kidogo tu uvuje ndo ikate. Ukikosa vyote viwili kama dada hapo juu basi njia ya ethi ni wewe mwenyewe.

Jengine, kama nyumba ina switchi ya kubadilisha jenereta, tizameni RCD imekaa wapi. Watu wengi Unguja walinunua majenereta pale umeme ulipokatika kisiwa kizima kuanzia Disemba 2009 mpaka Machi 2010, mafundi walikuwa mbio mbio nyumba kwa nyumba, na nyengine hiyo switchi iliwekwa baada ya RCD. Ukiwa na umeme wa shirika uko salama, ukiwasha jenereta RCD haimo njiani kabisa.

Umm_Suhayla, Chukwani

Jazakumullahu kheir. Breka ya shawa nimezima pale pale niliposoma na Baba Suhayla nimempa simu asome mwenyewe, kasoma mpaka la kandambili akanyamaza. Shemegi yangu anafanya kazi za umeme hotelini kaja kafungua. Waya wa kijani kwenye shawa ulikatwa ukakunjwa ukafungwa tepu nyeusi, haukuunganishwa na kitu. Waya unaoleta umeme ni 2.5, na pale kwenye kiunganishio plastiki imekuwa kahawia imeyayuka upande. Rodi nje ipo na inaingia ardhini, waya wake tu umeota kutu kijani pale kwenye kibano.

Shemegi anarudi na RCD mpya. Suala langu, pampu ya kisima nayo imo majini, tutajuaje kama na yenyewe haivuji? Na jee mie mwenyewe naweza kubadilisha hiyo RCD au nimuachie?

Fundi_Chake

Muachie. Kazi za kufanya mwenyewe ni washa za koki, boya la tangi, kichujio, kusafisha shawa, hata kubadilisha soketi kama umezima na umepima kwa testa. Kwenye bodi, hata ukizima meni switchi zile nyaya zinazotoka kwenye mita zinabaki na umeme, hapo si pa kujifunzia.

Akishaifunga mwambie ashushe breka zote, anyanyue RCD, kisha anyanyue breka moja moja na kila kitu kikiwashwa kwa zamu, pampu ikipandisha maji, friji, feni, kiyoyozi. Ile itakayoirusha RCD ndo yenye uvujaji. Ikiruka hata breka zote zikiwa chini basi kuna pahala nyutro imegusana na ethi, huko ndo kunataka mita ya kupimia na subira. Pampu ya kuzama ikivuja mara nyingi ni kwenye ile kiungo ya waya iliyomo kisimani, watu wanafunga tepu ya kawaida, inataka kile kifuniko cha mpira kinachosinyaa kwa moto chenye gundi ndani.

Kile kibano cha rodi akisugue mpaka shaba ing'are akaze upya apake grisi. Na kitufe cha T kibonyezwe kila miezi mitatu hivi, ikibonyezwa lazima ikate. Mjue tu kwamba hicho kitufe kinajaribu RCD yenyewe, hakikwambii kama ethi ya nje iko sawa.

Maalim_Mkoani

Nimechelewa lakini naona mashine ya mvuke imesahauliwa kwa haki kabisa. Nasomesha sayansi na hizi nimezifungua nyingi za jamaa.

Chomoa kwenye ukuta kwanza. Toa tangi, tizama lile beseni la chini. Utaona kidude cheupe cha mviringo kinapanda na kushuka kwenye kijiti, hilo ni boya na ndani yake mna kisumaku. Maji yakiwepo boya linapanda, kisumaku kinaiambia mashine maji yapo. Lako limegandishwa chini na chokaa, ndo maana taa nyekundu inawaka na tangi limejaa. Tia siki na maji nusu kwa nusu ndani ya beseni, iache nusu saa, lichezeshe boya kwa kidole mpaka lipande lenyewe. Ukilitoa kwenye kijiti angalia upande gani ulikuwa juu, likirudishwa kichwa chini mashine haiwaki na utadhani umeiua.

Pembeni ya boya pana kisahani kidogo kinachong'ara, hicho ndo kinachotoa mvuke, kinatetemeka zaidi ya mara milioni moja kwa sekunde kinayarusha maji kuwa ukungu. Chokaa ikikifunika mvuke unakuwa mwembamba kisha unakata. Kifute kwa pamba yenye siki, usiguse kwa kisu wala steelwaya, mchubuko mdogo tu basi. Ukimwaga maji mwaga upande wa pili wa tundu la kutolea hewa, ukimwaga upande wa feni yanaingia kwenye umeme wa ndani.

Lile vumbi jeupe ni chokaa ya kisima chako dada. Mashine hii haichemshi, inayarusha maji pamoja na kila kilichomo, maji yanakauka hewani madini yanatua kwenye mabuibui, na mtoto anayavuta usiku kucha. Kuchemsha kunaua vijidudu tu, munyu unabaki. Maji ya kufaa ni yale yaliyokenekwa, yanayogeuzwa mvuke kisha kurudishwa maji, ulizia famasi. Maji ya betri ya gereji hapana. Maji ya mvua yanayoteremka kwenye bati lenye kunguru hapana, na yale yanayotoka kwenye bomba la kiyoyozi yana kuvu, hapana vile vile. Tangi limwagwe kila siku likaushwe.

Lakini mie ningeanza na jambo jengine kabisa, ningetafuta kile kipimo kidogo cha unyevu nikiweke chumbani. Unyevu unaofaa ndani ya nyumba ni asilimia 30 mpaka 50. Hewa yetu ya visiwani ukifungua dirisha tu ushapita hapo, na Masika kuta zenyewe zinatoa jasho. Kiyoyozi ndo kinachoikausha, basi kiweke nyuzi 26 badala ya kukiteremsha, kisimpulizie usoni, na pua mtilie matone ya maji ya chumvi ya famasi. Nimeona vyumba vya watoto vina mashine ya mvuke na ukutani nyuma ya kabati pameota ukungu mweusi, mtoto anakohoa wanaongeza mvuke.

Umm_Suhayla, Chukwani

Maalim boya lilikuwa limeganda kweli, limepanda na taa imebadilika! Ila nimeiosha nimeikausha nimeirudisha kwenye boksi lake, kipimo cha unyevu nimeazima kwa jirani kimesoma 58 na kiyoyozi kiko 26, basi mtoto hana haja nayo. Shawa ya juu imesafika kwa siki, maji yanatoka sawa.

RCD imerudi. Pampu imewashwa imekaa kimya, friji kimya, feni kimya. Shemegi akanyanyua breka ya shawa mie nikafungua maji kwa fimbo ya ufagio nikiwa mbali, ikaruka papo hapo. Akaikata akaitoa ukutani. Mama mkwe kipupwe hiki hawezi maji baridi, sasa ninunue kitu gani kwa maji haya haya ya munyu?

Fundi_Chake

Hapo mmefanya kazi ya maana sana, Mungu akulindieni nyumba.

Kwa mama mkwe tafuta hita ya tangi ile ya kutundika ukutani, lita 30 inamtosha, nyingi ni wati 1500 mpaka 2000 kwa hivyo waya wenu wa 2.5 unaweza, ule ulioyayuka ukatwe mpaka sehemu nzima, na breka ya 32 itolewe iwekwe ya 16. Muhimu uulize kama koili yake imefunikwa ndani ya mrija, maji yasiiguse. Ndani pana fimbo ya magneziamu imewekwa makusudi iliwe na chumvi badala ya tangi, kwa maji yenu mwambie shemegi aifungue kila mwaka, ikishaliwa ibadilishwe, na hapo hapo akwangue chokaa kwenye mrija wa koili. Joto weka nyuzi 60, maji yakiwa vuguvugu vijidudu vinastawi ndani ya tangi, kisha mchanganyie baridi kwenye koki asiungue. Ethi ifungwe, na ipite kwenye RCD.

Madukani Darajani na Mlandege zipo za kila bei. Kabla hujalipa mwambie akufungulie boksi uione ile valvu ya usalama ya kutoa presha, kidude cha shaba chenye mkono mdogo, inatakiwa ifungwe pale maji baridi yanapoingia. Kama haimo kwenye boksi nunua pembeni siku hiyo hiyo, na tundu lake fundi asilizibe hata likitona tona maji, kutona ndo kazi yake.